Chakula kipo mezani, mbona hakiliwi? Maswali yenu ya mwezi huu

Barua za mwezi huu zimefanana jambo moja, wachache tu mmeniuliza vitamini au uzito, wengi mmeuliza mbona chakula kipo, kimepikwa vizuri, na bado mtu hali. Nimefurahi kweli maana hilo ndo swali ambalo sisi watu wa lishe tulichelewa kuliuliza, tulikaa miaka na miaka tunapima kilichomo ndani ya sufuria tukasahau sahani, meza, mwanga, kelele na nani kakaa pembeni. Nimechagua barua sita, mbili nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zinahitaji.

Mama anachokoa chakula anaacha

*Shikamoo dada. Mama yangu ana miaka 79, ni kama miaka mitatu sasa anasahau sana, hospitali wamesema ni Alzaima. Shida yangu ni kula. Namwekea wali au ugali na samaki anachokoa kidogo anaacha, ukimuuliza anasema ameshiba, amekonda mpaka nguo zinamdondoka. Ndugu wanasema namnyima. Nifanyeje? – Binti wa mwisho, Morogoro*

Marahaba mdogo wangu, pole sana, na hilo la ndugu usiliweke moyoni, kukonda kunawapata wagonjwa wengi wa Alzaima hata kwenye nyumba zenye chakula tele. Kabla ya yote hakikisha mambo ya hospitali yameangaliwa, meno na fizi, vidonda vya mdomoni, choo kigumu, dawa mpya inayokata hamu, na kama anapaliwa au kukohoa kila akimeza basi usijaribu chochote nilichoandika hapa mpaka daktari amwone. Hivyo vikiwa sawa ndo tuje mezani.

Bibi yangu mzaa mama alipitia hali hiyo hiyo. Tulikuwa tunampakulia kwenye sahani yake ya bati, nyeupe, ile yenye waridi jekundu katikati, aliipenda miaka yote. Mchana mmoja nimekaa naye nikamwona anausogeza wali pembeni, halafu anaanza kulikwaruza lile waridi kwa kucha, analibana kwa vidole viwili anapeleka mdomoni, hakuna kitu, anarudi tena. Na wali umejaa pale pembeni. Alikuwa na njaa, anatafuta chakula kabisa, ila macho yalimwonyesha waridi tu, wali mweupe juu ya sahani nyeupe ulikuwa umempotea. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akaweka mkono mdomoni hakusema neno. Jioni ile tulimpakulia kwenye bakuli la plastiki la bluu, lile letu la kulowekea maharage, akala akabakiza kidogo sana.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba kuna watu walishalifanyia utafiti jambo hili hili. Mwaka 2004 watafiti wa Boston kule Marekani walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na wazee 9 wenye Alzaima iliyofika mbali, walichofanya ni kuondoa sahani, vikombe na vijiko vyeupe na kuweka vyekundu vikali, chakula hawakubadilisha. Ulaji ukapanda kwa asilimia 25 na unywaji kwa asilimia 84. Walipojaribu tena, bluu iliyokoza nayo ikafanya kazi ila rangi zilizopauka hazikusaidia, maana yake siri haiko kwenye wekundu, iko kwenye tofauti kati ya chakula na kinachokibeba. Alzaima inapunguza uwezo wa kuona tofauti hiyo hata kama macho yenyewe ni mazima. Sasa watu 9 ni wachache, na wote walikuwa wanaume, siwezi kukuahidi kwamba mama naye ataongeza robo nzima, lakini sahani ya plastiki nyekundu haina madhara na hapo sokoni kwenu zimejaa. Chukua isiyo na maua wala mistari, na kikombe cha rangi kali pia usikisahau, hiyo 84 ya vinywaji ndo inayonigusa zaidi kwa sababu mzee akikaukiwa maji anachanganyikiwa zaidi na watu wanadhani ni ugonjwa umepanda. Kama mezani kuna kitambaa cha maua mengi kitoe, mkalishe karibu na dirisha mchana, na tivii izimwe.

Halafu nikuulize, mama anakula na nani? Nyumba nyingi ninazofika mzee anatengewa mapema peke yake chumbani, nia ni njema kabisa, asisumbuliwe na watoto. Uholanzi walifanya jaribio kubwa likachapishwa 2006, nyumba 5 za kutunzia wazee, wazee 178, miezi sita. Upande mmoja waliendelea na utaratibu wao wa trei yenye chakula kilichopakuliwa tayari, upande wa pili wakaweka mabakuli katikati ya meza, watu wajipakulie, wakae pamoja na wahudumu wakae nao. Waliokula kifamilia walitunza uzito wao vizuri zaidi, tofauti ya kama kilo moja na nusu, na hali yao ya maisha na nguvu za mwili zikawa bora kuliko za wenzao. Mimi nilivyosoma nikawaza sinia la nyumbani kwetu, yaani kile walichokuwa wanakitafuta kwa jaribio la miezi sita sisi tulikuwa nacho kwenye mkeka na tunakiacha wenyewe!

Kwahiyo mlete mama kwenye mkeka au mezani na wengine. Kaa mbele yake, sio pembeni, ule naye taratibu ili aone mkono wako unavyokwenda, wagonjwa wengi wanaanza kula wakimwona mtu anakula ingawa ukiwaambia "kula mama" hawakuelewi. Mwache ale kwa mkono, kijiko kinaweza kumchanganya lakini tonge mkono unalikumbuka. Kitu kimoja kwa wakati, samaki mtoe miiba kabisa. Na hao ndugu waite wapokezane kukaa naye saa ya kula.

Sahani ndogo inapunguza mwili?

*Dada nimesoma sehemu kwamba ukitumia sahani ndogo unapungua bila kujua. Ni kweli? – Mama wawili, Dodoma*

Kuwa na tahadhari na hiyo mpenzi. Habari nyingi za namna hiyo zilisambazwa na mtafiti mmoja maarufu wa chuo cha Cornell kule Marekani, Brian Wansink, na mwaka 2018 jarida la kitabibu la JAMA na ndugu zake walifuta makala zake 6 kwa siku moja, chuo kikamkuta na makosa ya kitaaluma akajiuzulu. Inaniuma maana ndo mambo yaliyopendwa sana na watu, mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha wamama kliniki. Kilichobaki imara ni kwamba ukipakuliwa kingi unakula kingi, hilo limerudiwa na watu wengi tofauti. Pakua kidogo, sahani iwe yoyote.

Majirani wanacheka nyenje zangu

*Habari dada. Niko Bondo, Siaya. Nafuga nyenje, nilifundishwa na marafiki, niko na kreti kumi na moja na wanazaana poa sana. Nakausha nasaga unga. Shida ni soko, nikiwaambia majirani ni nyenje wanacheka na kutema mate, na ni hao hao kumbikumbi wakitoka mvua ikinyesha wanakula na ugali. Nimeongea kanisani, nimebandika makaratasi ya protini, wapi. Nifunge kazi? – Mfugaji*

Usifunge ndugu yangu! Uko sehemu nzuri kuliko unavyodhani, hapo hapo Bondo kuna chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga ambako Profesa Monica Ayieko na wenzake wameshughulika na wadudu wa kuliwa miaka mingi, walishatengeneza mpaka biskuti, keki na soseji za kumbikumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi. Nenda pale uliza mafunzo. Na mwaka 2017 walitoa utafiti wakiwa na wenzao, biskuti zenye asilimia 10 ya nyenje zikilinganishwa na biskuti za maziwa, walaji ni watoto wa shule wa miaka 5 hadi 10 hapo hapo Kenya, na watoto walizila vizuri tu.

Sasa tuje kwenye mate. Hicho kinyaa hakitokani na ujinga na karatasi ya protini haikigusi, kwa sababu hakikai mahali ambapo hesabu zinafika. Miaka ya 80 mwanasaikolojia Paul Rozin wa Marekani alichovya mende aliyekufa na kusafishwa vijidudu vyote kwenye juisi, akamtoa, akawauliza watu watakunywa? Wakakataa, wanajua kabisa juisi ni salama na bado wakakataa. Kwahiyo majirani zako hawabishani na wewe kuhusu protini. Kumbikumbi wamekula mikononi mwa nyanya zao wakiwa watoto, anatoka mvua ikinyesha, watu wanakimbia na mabeseni, kuna kelele na kicheko, ni sherehe. Nyenje wao wanamjua kama mdudu wa nyuma ya kabati. Ni mdudu yule yule wa miguu sita ila mmoja ana stori nzuri nyuma yake na mwingine hana bado.

Na hapa nikupe kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi yangu. Vita vya pili vya dunia, Marekani nyama nzuri zinapelekwa kwa wanajeshi, serikali inataka watu wale moyo wa ng'ombe, figo na vitu vya ndani ambavyo sisi tunagombania, wao wanaona kinyaa. Mwanasaikolojia Kurt Lewin akachukua wamama wa nyumbani akawagawa. Kundi la kwanza akawapa mhadhara mzuri, wa lishe, wa uzalendo, wa bei, na mapishi juu. Kundi la pili wakakaa kwenye duara wakajadili wenyewe, nani nyumbani atakataa, harufu ya figo unaiondoaje, mwisho wakanyoosha mikono nani atajaribu. Waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 tu ndo walipika nyama ambayo hawajawahi kuipika. Waliojadili wenyewe asilimia 32!

Wewe umefanya kundi la kwanza, mhadhara wa kanisani na makaratasi. Badili. Tafuta wamama sita au saba wa chama, wasizidi, kaeni jikoni kwa mmoja wao anayeheshimika kwa mapishi, nyenje ziwepo, mafuta yawepo, waambie wakusaidie kutatua zinapikwaje, na wewe unyamaze! Wataanza, mbona zinanukia kama dagaa, tuweke ndimu, hapana tukaange kavu na chumvi, miguu hiyo itolewe inakwama kooni, hiyo ndo kazi yenyewe. Wakishazipika wao zinakuwa chakula chao. Unga wenyewe uchanganye kidogo kwenye vitu ambavyo tayari wanavipenda, mandazi, chapati, uji wa mtoto, na uwaambie wazi kuna nini ndani. Usimfiche mtu hata siku moja, kwanza ni haki yake na pili mtu mwenye mzio wa kamba au kaa anaweza kudhurika na nyenje pia, protini zao zinafanana, huyo asile kabisa.

Ongeza hili: mtu haipendi ladha mpya kwa mara moja. Kwa watoto imeonekana inaweza kuchukua mara 8 hadi 15 za kuonja, kwahiyo aliyetema Jumapili usimwandike kwamba amekataa.

Upande wa biashara sitasema mengi, nyenje aliyekauka zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, kwenye joto la kutosha anakomaa wiki kama 6 hadi 8, na Thailand kulikuwa na wafugaji wapatao 20,000 kufikia 2013, mwaka ule ule shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipotoa ripoti yake kubwa ya wadudu wa kuliwa. Ulaya wameanza kuruhusu wadudu wa kuliwa rasmi kisheria 2021. Chemsha kwanza kabla ya kukausha, kausha mpaka wavunjike mkononi, na usiwalishe majani ya shamba lililopigwa dawa.

Senene kidini

*Mimi ni Muislamu wa Tanga, nimeolewa Bukoba, huku wananipa senene. Nile?*

Nzige wana hadithi ya Mtume inayojulikana wazi kwamba wamehalalishwa hata bila kuchinjwa, pamoja na samaki. Senene wanafanana nao sana ila hukumu ya dini si yangu, muulize shehe wako hapo Bukoba, naamini hautakuwa wa kwanza. Kwa upande wangu wa lishe, ni chakula kizuri chenye mafuta mengi, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na huko ulikoolewa ukiletewa senene ujue umependwa.

Mchuzi hauna chumvi

*Dada nina mgahawa Mbezi. Tangu mwezi wa pili wateja wa mchana wanasema mchuzi hauna ladha, wengine wanasema juisi haina sukari. Mpishi ni yule yule, anaapa hajapunguza kitu. Nimenunua spika mpya na kupaka rangi, nimeingia gharama, sasa naona wananikimbia. – Mama wa mgahawa*

Umeshataja mwenyewe, spika. Mwaka 2011 kuna utafiti wa Uingereza watu walilishwa huku wamevaa hedifoni, kelele zikipanda wakawa wanasikia chumvi kidogo na sukari kidogo, ila wanasikia chakula ni kikavu na kinavunjika zaidi. Mwaka 2015 huko huko Cornell wengine wakawawekea watu kelele kama za ndani ya ndege, desibeli 85, sukari ikafifia tena ila ile ladha nzito ya nyanya iliyoiva na mchuzi wa nyama ikapanda. Kwenye chumvi tafiti hizi mbili hazikukubaliana, kwenye sukari zimekubaliana, na juisi yako ndo shahidi.

Mpishi wako hasemi uongo, yeye anaonja saa nne asubuhi pametulia. Fanya hivi, wiki moja zima spika kuanzia saa sita mpaka saa tisa, usiguse chumvi wala sukari, mwambie mhudumu aandike kila lalamiko kwenye daftari, siku gani saa ngapi. Usikimbilie kuongeza chumvi nakuomba, mteja wako wa kila siku yupo na presha yake. Na kama huwezi kukaa bila mziki, shusha mpaka watu wa meza moja wasikizane bila kuinamiana, hicho ndo kipimo changu. Mchana ule ukionja mchuzi, onja umekaa kwenye kiti cha mteja chini ya spika, sio jikoni.

Mwani wetu tunauza tu?

*Asalaam alaykum. Mie mkulima wa mwani, Jambiani. Tangu mamangu tunalima tunauza kwa kilo. Nnasikia watu wanakula. Sisi tunaweza kula au ni wa viwandani tu? – Bi wa pwani*

Waalaykumu salaam dada yangu. Mnaweza, na mnayo haki ya kwanza kuliko yeyote. Kilimo hiki kimeanza rasmi kwenu 1989 na kazi karibu yote ni ya wanawake, na zaidi ya miaka 30 mwani umekwenda nje ukavunwa ule utelezi wake wa kugandisha aiskrimu na dawa ya meno, na nyie mmebaki na bei ya kilo. Tayari wapo wanawake wa Unguja wanaotengeneza sabuni, juisi, jemu na achari, ni jirani zako hao, watafute.

Kuuanza nyumbani ni rahisi. Chukua uliovunwa leo sehemu ya maji safi, usiwe wa karibu na mfereji wa maji machafu. Osha mara tatu nne mpaka mchanga na chumvi vitoke, loweka usiku kucha kwenye maji matamu, asubuhi mwaga uoshe tena. Kisha ukate vidogo, uutie ndimu, kitunguu, pilipili na nyanya ule kama kachumbari, au uuchemshe ulainike utie kwenye mchuzi wa nazi dakika za mwisho. Una madini ya joto, ni faida kwa wengi, lakini kama nyumbani kuna mwenye rovu au anayetumia dawa za tezi la shingo huyo aulize hospitali kwanza. Mpikie familia yako mara ya kwanza wote mkiwa pamoja, sahani moja ya pembeni, usiondoe samaki wao waliouzoea, na wiki ijayo uweke tena.